Mji wa Mishono: Rhapta katika Matini za Wayunani na Suala la Utambulisho wa Pwani

1. Utangulizi

Miongoni mwa miji inayotajwa na waandishi wa kale kuhusu pwani ya Afrika Mashariki, Rhapta ndio uliotafutwa kwa bidii kubwa zaidi na ambao mahali pake hapajakubaliwa na wote hadi leo. Mji huu unatajwa katika matini mbili za Kiyunani, yaani Periplus ya Bahari ya Eritrea ya karne ya kwanza BK na Jiografia ya Ptolemy ya karne ya pili. Baada ya hapo jina lenyewe linafifia. Al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu ilikuwa karibu na mwaka 916, anaieleza pwani yetu bila ya kuutaja. Tarihi za Kilwa na za Pate nazo haziutaji. Hakuna gofu wala kaburi linalobeba jina hilo, na hakuna ukoo wa pwani unaojinasibisha nalo.

Kwa muda mrefu wataalamu wameuliza swali moja: Rhapta ulikuwa wapi? Swali hilo ni halali, nasi tutaligusia. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kushughulikia swali jingine ambalo, kwa maoni yetu, linatangulia hilo la kwanza: Rhapta ulikuwa mji wa nani, na jibu tulilolirithi limetokana na nini? Tutajaribu kuonyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, utambulisho wa Rhapta umeamuliwa na namna matini zilivyosomwa, na kwamba maneno matatu au manne ya Kiyunani, moja likiwa limeharibika katika mswada, yamebeba mzigo mkubwa kupita kiasi katika mjadala wa asili ya ustaarabu wa pwani. Aidha, tutadai kwamba Periplus, ikisomwa upya kwa makini, inawapa wenyeji nafasi pana kuliko ile waliyopewa na wafasiri wake. Kazi ya namna hiyo inamhusu mhakiki wa fasihi sawasawa na inavyomhusu mwanahistoria, kwa kuwa mpaka sasa Rhapta tunaoujua ni mji wa maandishi.

2. Matini mbili, macho mawili

Periplus ni mwongozo wa safari na biashara. Mwandishi wake hajulikani kwa jina, lakini lugha yake na mambo anayoyajua yanaonyesha kuwa alikuwa Myunani wa Misri, tena mfanyabiashara aliyezifahamu bandari kwa kuzitembelea au kwa kuwauliza waliozitembelea. Wataalamu wengi huiweka kazi hiyo katikati ya karne ya kwanza, kati ya mwaka 40 na 70, kwa sababu inamtaja Malichus, mfalme wa Wanabatea aliyetawala katika miaka hiyo. Kwa Wayunani, jina la Bahari ya Eritrea lilijumuisha Bahari ya Shamu pamoja na bahari yote iliyo nje yake, hadi India kwa upande mmoja na pwani yetu kwa upande wa pili. Pwani hii mwandishi anaiita Azania.

Ni muhimu msomaji akumbuke kwamba matini hii imetufikia kwa njia nyembamba mno. Mswada wa msingi ni mmoja, ulionakiliwa karne ya 10 na ambao sasa unahifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Nakala iliyoko London imetokana na huohuo. Mnakili alifanya makosa, na yuko aliyejaribu kuyasahihisha baadaye. Kila mfasiri, tangu toleo la kwanza lililopigwa chapa Basel mwaka 1533, amelazimika kukisia hapa na pale. Tunaposema “Periplus inasema”, basi, mara nyingi tunasema “mhariri fulani alionelea kwamba Periplus inasema”.

Mwandishi anaushuka ukanda wa pwani kutoka Opone, ambayo wengi wanaitambua kuwa Ras Hafun katika Somalia. Anapita majabali na fukwe, kisha visiwa anavyoviita Pyralaoi pamoja na mfereji au mkanda wa bahari, mahali ambapo wengi wamepahusisha na visiwa vya Lamu. Baada ya hapo kinakuja kisiwa cha Menouthias, kilicho chini na chenye miti mingi, ambako watu wanatumia mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa, wanavua kasa, na wanatega samaki kwa vikapu vilivyosukwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa vikapu hivyo ni vya jamii gani. Dema bado latumika. Mwendo wa siku mbili kutoka Menouthias ndipo ilipo Rhapta, soko la mwisho la Azania, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Mbele ya hapo, anasema, bahari haijachunguzwa.

Ptolemy aliandika takriban miaka 100 baadaye, akiwa Alexandria, na hakuwa baharia. Alikuwa mwanahesabu aliyezigeuza habari za mabaharia kuwa digrii. Kwa hiyo katika kazi yake Rhapta inabadilika sura. Iliyokuwa soko katika Periplus sasa ni mji mkuu, ulioko mbali kidogo na ufuo, kando ya mto wenye jina hilohilo, na karibu na rasi yenye jina hilohilo. Wengi wamechukua tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba mji ulikua kati ya karne ya kwanza na ya pili. Yawezekana. Lakini yawezekana vilevile kwamba tofauti ni ya macho yanayotazama: mfanyabiashara huona soko, na mchoraji wa ramani huhitaji mji mkuu, kwani ramani haipendi nchi isiyo na kitovu.

Ptolemy anatupa hata majina ya baadhi ya watu waliomletea habari kupitia kwa mtangulizi wake, Marinus wa Tyre. Mmoja aliitwa Diogenes, ambaye alikuwa akirudi kutoka India aliposukumwa kusini na upepo wa kaskazini kwa siku 25. Mwingine aliitwa Theophilus, aliyetweka tanga kutoka Rhapta kwa upepo wa kusini na kuifikia rasi ya Aromata, kwenye pembe ya Somalia, siku ya 20. Wayunani waliziona hizi kuwa ajali na bahati za safari. Mtu wa pwani anayesoma habari hizo anatambua mara moja kaskazi na kusi. Chini ya hesabu za Ptolemy, kwa hiyo, ipo elimu ya pepo ambayo haikuwa yake, na ambayo imebaki ndani ya maandishi yake bila ya kutajwa kwa jina.

3. Jina na kazi ya mikono

Periplus inaeleza kwamba mji uliitwa Rhapta kwa ajili ya vyombo vilivyoshonwa. Kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kushona ndicho shina la jina hilo. Kwa Kiswahili tungeweza kuuita Mji wa Mishono. Wapo waliopendekeza kwamba chini ya jina la Kiyunani kuna neno la Kiarabu lenye maana ya kufunga, ambalo Wayunani walilisikia na kulipa maana ya karibu katika lugha yao. Kwa vyovyote vile, jambo moja liko wazi: jina tulilonalo ni la wageni. Wenyeji waliuitaje mji wao, Periplus haisemi.

Utaratibu huu wa kuita mahali kwa kile kilichomshangaza mgeni ni wa kawaida katika maandishi ya safari, na una hasara yake, kwani unafuta jina la mwenyeji. Lakini katika Rhapta una faida ambayo haijapewa uzito wa kutosha. Mgeni hakuuita mji huu kwa jina la mfalme wake, wala la mungu, wala la bidhaa aliyoitaka. Aliuita kwa ufundi wa wenyeji. Myunani wa Misri alizoea merikebu zilizounganishwa kwa ndimi na vigingi vya mbao. Alipokuta mbao zilizoshikwa kwa uzi, aliona jambo la kutosha kuwa jina la mji mzima.

Ufundi huo una historia ndefu inayoweza kufuatwa kwa miguu. Mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari wa chuma na ambacho kilitweka tanga la mkeka, uliendelea kuundwa katika visiwa vya kaskazini ya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mishono yake haikuwa dalili ya uhaba wa maarifa. Chombo kilichoshonwa hupinda kidogo kinapogonga mchanga au mwamba, mahali ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Na kinaweza kufumuliwa na kushonwa upya na fundi yuleyule aliyekiunda. Hatudai kwamba mtepe wa karne ya 19 ndio chombo kilichoonekana Rhapta. Tunachosema ni kwamba miaka 1,800 inayotenganisha vyombo hivyo viwili imeunganishwa na wazo moja la uundaji, na kwamba wazo hilo ndilo kitu cha pekee ambacho jina la Rhapta linatuambia kwa uhakika.

Katika orodha ya bidhaa zilizoletwa Azania, Periplus inataja mikuki iliyofuliwa Mouza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka, visu, vyombo vidogo vya kutobolea, na bilauri za namna mbalimbali. Wafasiri hupita haraka juu ya vile vyombo vya kutobolea. Lakini mji unaoitwa kwa mishono ukiagiza vyombo vya kutobolea, orodha inaanza kusomeka kama mahitaji ya mafundi wanaojua wanachokitaka. Mara nyingi orodha hiyo imesomwa kama shehena ya vijizawadi vya kuwapumbaza washamba.

4. Neno moja: maharamia au wakulima?

Tunafikia sasa mahali ambapo uhakiki wa matini una uzito wa moja kwa moja katika suala la utambulisho. Periplus inaeleza kwamba watu wa eneo hilo ni wenye miili mikubwa, na kwamba katika kila mahali wanaishi kama walio na mtawala wao. Kati ya maelezo hayo lipo neno moja linalotaja kazi au tabia yao. Katika mswada neno hilo limeharibika. Lilivyoandikwa halileti maana inayoridhisha. Wahariri wamelitengeneza kwa njia mbili. Kwa kuongeza herufi kidogo, linakuwa maharamia. Kwa kubadili herufi kidogo, linakuwa wakulima.

Wilfred Schoff, ambaye tafsiri yake ya mwaka 1912 ilisomwa na vizazi vya wanafunzi, aliwapa watu wa Azania tabia za uharamia. Lionel Casson, katika toleo lake la mwaka 1989, aliwafanya walimaji wa ardhi. Tazama umbali uliopo kati ya majibu hayo mawili. Katika jibu la kwanza pwani ni ukingo wa hatari, na mwenyeji ni tishio linalomsubiri mfanyabiashara mstaarabu. Katika la pili pwani ni nchi iliyokaliwa, yenye mashamba na viongozi wa mahali pao. Mwenye kusoma Schoff peke yake angeweza kumaliza shahada bila ya kujua kwamba maharamia wake walizaliwa mezani kwa mhariri.

Hatusemi kwamba Schoff alikuwa na nia mbaya. Alifuata pendekezo la wahariri waliomtangulia, na pendekezo hilo lilikubalika kwa urahisi kwa sababu lililingana na picha ya Afrika iliyokuwako tayari mawazoni mwa wasomaji wa enzi ya ukoloni. Hapo ndipo funzo lilipo kwa mhakiki: pengo katika mswada hujazwa na kile ambacho msomaji anakitarajia. Akiolojia, kwa upande wake, imeelekea kuimarisha usomaji wa pili. Vyungu vya aina ya Kwale, vilivyoelezwa na Robert Soper katika miaka ya 1960 kutokana na uchimbuzi wa vilima vya Kwale, vinahusiana na jamii za wafua chuma na wakulima wa karne za mwanzo BK. Maeneo ya jamii hizo yamepatikana pia katika pwani ya Tanzania, kama vile Limbo, palipochimbuliwa na Felix Chami. Ardhi ya Azania, inavyoonekana, ilikuwa na wenye kuilima.

5. Wageni waliooa na kujifunza lugha

Sentensi nyingine iliyobeba mzigo mkubwa inahusu utawala. Periplus inasema kwamba eneo hilo liko chini ya mtawala wa Mapharitis, jimbo la kusini mwa Yemen, kwa haki fulani ya kale inayoliweka chini ya ufalme wa Arabuni. Watu wa Mouza wanalishikilia kwa kulipa ushuru, na wanapeleka huko vyombo vyenye manahodha na mabaharia ambao wengi wao ni Waarabu. Watu hao, mwandishi anaendelea, wamezoeana na wenyeji, wanaoa kwao, wanaijua nchi na wanaifahamu lugha yake.

Kwa msingi wa sehemu ya kwanza ya maelezo hayo, Rhapta imehesabiwa na baadhi ya waandishi kuwa koloni la Kiarabu, mfano wa awali kabisa wa mtindo ule tunaoujua kutokana na tarihi: mgeni anatua kutoka ng'ambo, anaununua au kuutwaa mji, na historia inaanza. Lakini sentensi hizo zina nusu mbili, na nusu ya pili inaipinga ya kwanza. Haki ya kale iliyotajwa ilikuwa haki iliyosemwa Yemen, na mwandishi wa Periplus aliipata kwa wafanyabiashara wa Mouza, ambao walikuwa na sababu nzuri ya kudai kwamba soko hilo ni lao kwa sheria. Mambo yaliyotendeka Rhapta kwenyewe yako katika nusu ya pili. Aliyejifunza lugha ni mgeni. Aliyeoa katika jamii ya mwenzake ni mgeni. Mtawala halisi wa nchi hana haja ya kusifiwa kwa kuifahamu lugha ya raia wake. Sifa hiyo hupewa mtu ambaye biashara yake inategemea hisani ya mwenyeji.

Maelezo yanayofuata yanatilia nguvu usomaji huu. Mahali fulani, asema mwandishi, wafanyabiashara walipeleka mvinyo na nafaka kwa kiasi kisicho kidogo, lengo likiwa kupata upendeleo wa wenyeji na wala si kuuza. Hizi ni gharama za kuingilia sokoni. Anayetoa takrima ili apokewe hawezi kuwa ndiye mwenye nyumba. Na ikumbukwe kuwa hao wanaopewa takrima, Periplus inawaita kwa neno lililotumiwa na Wayunani kwa kila asiyesema Kiyunani. Mwandishi anawadharau kwa istilahi yake, na papo hapo anaandika hesabu inayoonyesha kwamba walipaswa kubembelezwa. Matini yenye mgongano wa namna hii ndani yake ina thamani kubwa kwa mhakiki, kwani inatuonyesha jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Inafaa tuwe waangalifu hapa tusije tukavuka mpaka kwa upande wa pili. Wenyeji wa Rhapta hawakuwa Waswahili kwa maana tunayoitumia leo. Kwa mujibu wa tafiti za kiisimu za Derek Nurse na Thomas Spear (1985), na za Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), Kiswahili kilijitenga na ndugu zake wa Kisabaki karne nyingi baada ya Periplus. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani ya enzi za kati waliochunguzwa walikuwa na mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Matokeo hayo yanahusu miji iliyokuja muda mrefu baada ya Rhapta, wala hayatuambii Rhapta ilikaliwa na nani. Lakini yanaturudishia taswira ileile ya Periplus: mgeni mwanamume anayeingia katika nyumba ya mama mwenyeji, na watoto wanaosema lugha ya nyumba hiyo. Taswira hiyo, kwa hiyo, ni ya kale kuliko Kiswahili chenyewe.

6. Ulikuwa wapi?

Baada ya kuyasema hayo tunaweza kulirudia swali la mahali. Mapendekezo ni mengi. Wapo walioelekea kaskazini, karibu na mto Tana. Wapo waliochagua Pangani, wengine mazingira ya Dar es Salaam, na wengine delta ya Rufiji. Chaguo la kila mmoja linategemea kisiwa anachokiita Menouthias. Periplus inasema kisiwa hicho kiko mbali na bara kwa stadia 300 hivi, ambazo ni takriban kilomita 55. Umbali huo unakaribiana na ule wa Pemba, lakini maelezo mengine yamewafanya baadhi ya wataalamu wachague Unguja, au Mafia iliyo karibu zaidi na bara. Digrii za Ptolemy hazisaidii kama zinavyoonekana, maana zilitokana na siku za safari zilizogeuzwa kuwa masafa. Anayezipima kwenye ramani ya leo anaupima upepo wa mwaka mmoja wa karne za kale.

Pendekezo la Rufiji limetetewa kwa nguvu zaidi na Chami, ambaye mwaka 1999 alichapisha habari za shanga alizozihusisha na dola ya Kirumi kutoka eneo hilo. Baadaye alielekeza macho Mafia, na mwaka 2016 habari za maumbo ya mawe yaliyoonekana chini ya maji karibu na kisiwa hicho zilienea kwa kasi zikidai kwamba Rhapta umepatikana. Dai hilo limezua mjadala, kwa kuwa mwamba wa ufuoni una tabia ya kupasuka kwa mistari iliyonyooka kama ukuta. Kwa maoni yetu, ari ya kuona kuta chini ya bahari inatueleza jambo kuhusu sisi wenyewe: bado tunaamini kwamba mji usio na jiwe si mji. Periplus haitaji jiwe hata moja Rhapta. Inataja uzi.

Mfano kutoka Uyunani kwenyewe unaweza kutufaa. Mji wa Helike, uliokuwa katika pwani ya Akaya, uliangamizwa na tetemeko la ardhi na mawimbi mwaka 373 KK. Kwa miaka mingi ulitafutwa chini ya maji ya Ghuba ya Korintho, kwa kuwa waandishi wa kale walisema umezama katika mahali walipopaita kwa neno lililofasiriwa kuwa ghuba. Dora Katsonopoulou alipendekeza kwamba neno hilo lilimaanisha wangwa wa ndani, na uchimbuzi ukahamia nchi kavu. Mabaki ya mji yalipatikana mwaka 2001 chini ya mashamba. Kilichoufungua mji huo kwanza kilikuwa kusoma upya neno moja. Rhapta nao, ukiwa ulijengwa kwa miti na udongo katika delta ambayo mito yake huhama na mikoko yake huzika kila kitu, huenda ukahitaji usomaji bora kabla ya jembe.

7. Kimya cha bara

Jambo la mwisho linahusu kile ambacho matini zote mbili hazikukiona. Rhapta uliuza pembe za ndovu kwa wingi, ingawa zilihesabiwa kuwa duni kuliko zile za Adulis. Uliuza pembe za vifaru, na magamba ya kasa yaliyoshindwa kwa ubora na yale ya India peke yake. Kasa alitoka baharini. Je, ndovu na kifaru? Waliwindwa na watu, na pembe zao zilibebwa na watu, kutoka maeneo ambayo Periplus haiyatamki. Kwa baharia, nchi inaishia pale inapoishia nanga yake. Ptolemy alisikia habari za maziwa ya Nile na za milima yenye theluji inayoyalisha, lakini alizisikia kama uvumi uliopita katika vinywa vingi.

Kimya hiki kinatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha fasihi ya Kiswahili mbali na bahari. Mwanafunzi wa Ngoingwa, hapa Thika, takriban kilomita 500 kutoka Mombasa kwa barabara, huuliza kwa haki kabisa kwamba historia ya miji ya pwani inamhusu nini. Mara nyingi tumemjibu kwa kumwambia kwamba lugha ilipanda kutoka pwani kuja kwake katika karne ya 19 pamoja na misafara. Jibu hilo si la uongo, lakini linaurudia mtazamo wa baharia, kana kwamba bara lilikuwa likisubiri kufikiwa. Orodha ya bidhaa za Rhapta inatoa jibu la awali zaidi: miaka 1,900 iliyopita, soko la mwisho la Azania lisingekuwako bila ya watu wa nyuma yake. Theluji aliyoisikia Ptolemy lazima ilionekana kwanza na mtu aliyeishi karibu nayo, akamsimulia jirani, naye akamsimulia mwingine, hadi simulizi ikafika ufuoni. Rhapta ulikuwa mahali ambapo minyororo hiyo ya watu na ya habari ilikutana na bahari.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utambulisho wa Rhapta umejengwa juu ya maamuzi machache ya usomaji. Neno lililoharibika lilifanywa kuwa maharamia. Dai la haki lililosemwa Mouza lilichukuliwa kuwa hali halisi ya Azania. Jina la ufundi lilibaki jina tupu kwenye ramani. Tukiyasoma maelezo hayohayo kwa kuzingatia nani anasema, anamwambia nani, na ana faida gani katika kulisema, unajitokeza mji wa aina nyingine: mji wa wakulima na washonaji wa vyombo, wenye viongozi wa mahali pao, unaopokea wageni kwa masharti ya wenyeji na kuwafundisha lugha yake.

Umuhimu wa jambo hili hauishii karne ya kwanza. Mjadala kuhusu Waswahili ni nani, uliopamba moto katika kazi za James de Vere Allen (1993) na za Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff (1994), umeelekea kugawanyika kati ya wanaotafuta asili ng'ambo na wanaoitafuta barani. Rhapta inatufundisha kuitilia shaka haja yenyewe ya kuchagua. Chombo kilichoshonwa hakina ubao mmoja ulio asili na mwingine ulio nyongeza. Kinaelea kwa sababu mbao zimeshikana, na anayestahili sifa ni aliyeshika uzi. Aliyeushika uzi huo Rhapta alikuwa mwenyeji. Jina lake hatukuachiwa, lakini kazi yake ndiyo iliyoupa mji jina.